Maji ya Kinyonga wa Bosibori

Jumatatu, 6 Januari

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Nimenyunyizia vizimba vyote viwili, dakika mbili kila kimoja, kama karatasi ya dada inavyoagiza. Kipima unyevu: kwa jike 52, kwa dume 66. Siku ya nne ya kazi hii. Sijaizoea, sijaichukia.

Dada Bosibori yuko hospitali mjini Kisii, anasubiri upasuaji wa nyonga. Alifundisha biolojia miaka thelathini na mbili. Vinyonga anawafuga kwa kibali cha idara ya wanyamapori. Kibali chenyewe amekitia fremu na kukitundika juu ya meza ya chakula, mahali watu wengine huweka picha ya harusi. Alinichagua mimi nije hapa Keroka kwa sababu, alisema, mimi ni mtu wa kuandika kilichopo.

Jike ana mimba. Ni aina ya milimani, kichwa kimeinuka kama kofia. Hatagi, huzaa. Dada amengoja uzao huu miaka sita. Neno lake la mwisho, akiwa ameshaingia garini: "Nikirudi nimkute hai, Ombati. Mengine yote tutasameheana."

Jumanne, 7 Januari

Kopo la matone limeziba. Ni kopo la mafuta ya kupikia, limetobolewa kwa sindano chini. Hukaa juu ya wavu wa kizimba cha jike na kudondosha maji kwenye majani, saa nzima kila asubuhi. Bomba limekauka tangu Jumapili, natumia maji ya chemchemi, na yana udongo.

Nimelizibua kwa msumari. Sasa maji yote hutoka kwa dakika moja na kulowesha miguu yangu. Nimeliharibu.

Nimeweka bakuli la maji sakafuni mwa kizimba. Kuku hunywa hivyo. Ng'ombe hunywa hivyo. Nimechora mstari wa kalamu kwenye bakuli ili nijue anakunywa kiasi gani.

Jumatano, 8 Januari

Maji yameshuka upana wa kidole kimoja. Nimeandika kwenye karatasi ya dada: "Amekunywa."

Ijumaa, 10 Januari

Jua kali. Upepo mkavu tangu asubuhi. Barazani, kipimo kinasoma 38. Chupa ya kunyunyizia imeanza kutoa mkondo badala ya ukungu, naye jike hukwepa mkondo. Bakuli limeshuka kidole kimoja na nusu. Nimejaza. "Amekunywa."

Dume sina shida naye. Kizimba chake kiko uani chini ya mpera, hakina paa. Kila asubuhi nakuta majani yake yamelowa umande. Jike alihamishiwa barazani ili asipate baridi.

Mama Kwamboka, jirani wa upande wa chini, ameniletea mtungi wa lita ishirini kutoka chemchemini. Ana chai ekari moja na nusu na maneno ya ekari tatu. Aliuacha getini. Hakaribii vizimba, hata kwa hatua kumi.

"Mwandishi, umezunguka dunia nzima," akaniambia, "ukarudi Keroka kulisha hiyo kitu?"

Nikamwambia haina madhara.

"Nililelewa kuiogopa. Sitaanza kuacha saa hii, niko na wajukuu."

Jumanne, 14 Januari

Dada amepasuliwa leo. Muuguzi amepiga simu saa nane: mambo yamekwenda vizuri. Jioni dada mwenyewe, sauti nzito ya dawa. Hakuuliza habari zangu. Aliuliza: "Jike?" Nikamwambia anakunywa vizuri. Alisema "haya", akakata.

Kipimo: 31.

Alhamisi, 16 Januari

Kipimo 29. Karatasi ya dada inasema usishuke chini ya 50. Nilimweleza Mama Kwamboka ng'ambo ya geti. Hakufikiri hata kidogo.

"Si ufunike na nailoni? Miche ya chai tunafanya aje? Unamwagia maji, unafunika, unaziba kabisa hewa isitoke. Miezi mitatu haufungui. Inashika mizizi yote."

Hoja yenye mantiki. Nimeona vitalu hivyo tangu utotoni, mama yetu alikuwa na kimoja nyuma ya jiko. Huwezi kukulia huku usijue kwamba kitu chenye kiu hufunikwa kwa nailoni. Akanipa kipande kilichobaki cha kitalu chake. Kilitosha kizimba kimoja. Nimekizungushia pande zote nne na juu, nikabana kwa vibanio vya nguo. Kumi na vinane.

Saa kumi na moja jioni: 91. Nimefurahi kuliko inavyostahili. Hakuna haja ya kunyunyizia tena.

Ijumaa, 17 Januari

Unyevu 93. Nailoni ina jasho ndani, simwoni jike vizuri. Bakuli liko kwenye mstari. Halijashuka hata kidogo. Nadhani ametosheka.

Dada kapiga simu. Anatembea kwa fremu ya kushikilia, hatua sita. Nimemwambia wote wako sawa. Sikuwa nimefungua nailoni kutazama.

Jumamosi, 18 Januari

Saa mbili asubuhi. Nimefungua.

Jike yuko juu ya tawi, kichwa ameinua, mdomo wazi. Anapumua kwa nguvu, kuna mlio mdogo kama wa kiberiti kinachokataa kuwaka. Macho, ambayo huwa yametokeza kama mbegu za mbaazi, yameingia ndani. Ngozi ya ubavuni nimeivuta kidogo kwa kidole: imebaki imekunjana. Rangi yake ya kijivu.

Bakuli: maji yako kwenye mstari kabisa. Siku ya pili.

Niliketi sakafuni na karatasi ya dada. Kabla ya nailoni, bakuli lilishuka kila siku. Baada ya nailoni, halikushuka tena. Kwa hiyo ama jike aliacha kunywa siku ile ile niliyomfunika, ama hakuwahi kunywa. Siku za upepo mkali zaidi ndizo bakuli lilipungua zaidi. Upepo ndio uliokunywa. Nimeandika "amekunywa" mara tisa. Sikumwona hata mara moja.

Miaka ishirini na minane nimewakemea vijana wa gazetini kwa kosa hili hili. Naona aibu. Naogopa pia. Si mara nyingi naandika neno hilo.

Saa mbili na nusu. Nimempigia dada nikamwambia yote: msumari, bakuli, nailoni, na kwamba jana nilidanganya.

"Ombati. Wewe ndiye hufunza watu kuandika habari?"

Ndiyo, dada.

"Kinyonga hajui bakuli ni nini. Maji yaliyotulia hayaoni. Anajua tone linalometa kwenye jani, basi. Na hiyo nailoni toa sasa hivi, kabla hujakata simu. Mche hauna mapafu."

Nimeitoa nikiwa bado na simu shingoni. Vibanio vimetawanyika baraza nzima. Ameendelea kuagiza, nikaandika: hewa ipite. Kopo jipya, sindano si msumari. Maji yachujwe kwa kitambaa. Magunia mabichi upande wa upepo, ili hewa ipoe na kulowana inapoingia. Majani ya mgomba juu kwa kivuli. Matone asubuhi na jioni, mchana majani yakauke. Mapovu yakionekana mdomoni, nimwite daktari wa mifugo, hata kama yeye anajua ng'ombe tu.

"Na usimkazie macho," alisema mwishoni. "Hanywi akitazamwa."

Maji yamebaki nusu jagi. Bomba bado kavu. Ni Sabato. Mama Kwamboka huchota yote Ijumaa kabla jua halijatua, na siku ya leo mtungi haubebwi hapa kijijini. Mimi sijaenda kanisani miaka mingi, lakini nafahamu sitakiwi kupita na mtungi barabarani watu wakienda ibada. Nilisimama getini kwake. Alikuwa ameshavaa, Biblia kwapani.

Nilimwambia kinyonga anakufa, na kwamba nailoni imemdhuru. Alinitazama. Nikaongeza: si kosa lako mama, kosa ni langu.

"Kwani nimesema ni langu?" Akaweka Biblia juu ya ukuta. "Imeandikwa ng'ombe hufunguliwa siku ya Sabato akanyweshwe. Haikusema ng'ombe peke yake." Akabeba mtungi wake mwenyewe, akiwa na viatu vya kanisani, hadi ngazi ya baraza. Nilipima baadaye kwa macho: hatua nne kutoka kizimbani. Akageuka haraka. "Nikichelewa wimbo wa kwanza nitawaambia ni wewe."

Saa nne, matone ya kwanza. Yanaanguka kila sekunde mbili. Niliketi ndani, nikatazama kupitia pazia. Hakunywa.

Saa kumi na moja, matone tena. Hakunywa. Mdomo bado wazi.

Jumapili, 19 Januari

Matone saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Magunia mabichi. Kipimo 64, mchana kikashuka hadi 51. Hiyo ndiyo namba inayotakiwa, lakini sina tena imani na namba peke yake.

Mdomo wazi asubuhi. Saa nane umefungwa nusu. Hakuna mapovu. Hajanywa. Hajala panzi hata mmoja.

Nimefuta kwa mstari mmoja kila "amekunywa" kwenye karatasi ya dada. Sikuyasugua yapotee. Dada ana haki ya kuona kilichokuwa chini.

Jumatatu, 20 Januari

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Niko nyuma ya pazia, dakika ya thelathini na tano. Tone liliangukia jani la mpera nililomwekea, likakaa kwenye ncha. Jicho moja likageuka. Jingine likafuata. Alitembea. Alichukua karibu dakika tatu kwa umbali wa shubiri moja. Akaweka mdomo kwenye jani, koo likapanda na kushuka. Tone likaondoka. Likaja jingine. Tena. Tena. Dakika nne.

Amekunywa. Nimeona.

Nimempigia dada. "Dakika ngapi?" Nne. "Uliona koo?" Niliona koo. Nikamsikia akimwambia mtu wa kitanda cha jirani, kwa Ekegusii, kwamba mdogo wake si mjinga kabisa.

Jumatano, 22 Januari

Macho yamerudi nje. Amekula panzi wawili. Mlio haupo. Ngozi inarudi ikivutwa.

Bomba limerudi pia, saa tisa, na kelele nyingi na kutu. Naendelea na ya chemchemi. Nachuja mara mbili.

Jumapili, 26 Januari

Dada amerudi. Alikataa kwenda kitandani. Aliketi barazani na fremu yake mbele, miwani mbili moja juu ya nyingine, akamchunguza jike. Kisha akachunguza magunia, kopo, na karatasi. Akasoma mistari niliyofuta mmoja mmoja.

Baadaye, kwa chai: "Nailoni ya nani?"

Nikamwambia.

"Umempa asante ya mtungi?"

Nilikuwa bado. Nimekwenda kwa Mama Kwamboka na ndizi mkungu mmoja. Aliupokea, akauliza kama kile kitu kimeshakufa. Nikasema hapana. "Si nilijua," akasema. "Maji yangu."

Jumanne, 28 Januari

Asubuhi tulivu, ukungu hadi kwenye ua. Nilipotoka na kopo nilidhani vijiti vyeusi vimeanguka ndani ya kizimba. Kimoja kikatembea.

Watoto kumi na mmoja. Mmoja amekufa, nimemtoa. Kumi wako hai, kila mmoja urefu wa kucha ya kidole gumba na kidogo zaidi. Jike amechoka, anapumua sawasawa, mdomo umefungwa. Dada alikuja na fremu yake, hatua kwa hatua kutoka chumbani. Hakulia. Alisema tuwahamishe kabla ya adhuhuri, mama yao asije akawaona chakula, na kwamba matone kwa hawa yawe madogo zaidi, ukungu tu, wasizame.

Nimenyunyizia kwa chupa mpya. Tuliketi ndani nyuma ya pazia, yeye kwenye kiti, mimi sakafuni. Tulitazama saa nzima. Mama Kwamboka alipita njiani na kikapu cha chai mgongoni, akasimama, akaendelea na safari yake.

Dada ameniachia karatasi niijaze. Nilitaka kuandika kumi.

Nimewaona saba wakinywa. Nimeandika saba.