Mguu wa Mama, Kitanda cha Gachoki

Jumamosi, 31 Mei 2025

Mama ametoka wodini leo. Mume wangu Gachoki aliazima pikapu ya tajiri wake wa gereji akamleta hadi mlangoni. Kisha akasimama kando, macho chini, huku mimi na Wamuyu wa mlango wa pili tukimbeba kumwingiza ndani. Paja limewekwa chuma. Aliteleza akavunjika akitoka kuchota maji huko kwetu Kiritiri. Mama aliyekuwa akipalilia shamba zima peke yake, sasa hawezi kwenda choo bila mimi!

Fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alinivuta kando kabla hatujaondoka. Mazoezi nyumbani, kila siku. Kukaa ukingoni mwa kitanda na kusimama. Kuinua mguu kando. Kutembea kidogo akishika ukuta. Kliniki ni Ijumaa ya tarehe 20. Asipoweza kusimama mwenyewe kufikia hapo, mguu utakauka na atabaki mtu wa kulala tu. Nikamwambia sisi tuna chumba kimoja hapa Majimbo. Akasema kitanda na ukuta vinatosha.

Kitanda! Ndipo nilipokosea. Nilimlaza kwenye kitanda chetu bila kufikiri, kama mtu asiyejua alikotoka. Alipong'amua yuko wapi, alianza kujisukuma ashuke. Mama mkwe hakalii kitanda cha mume wa binti yake, sembuse kukilalia. Ni nthoni, ile aibu ya wakwe, na kwa watu wa Mbeere si mchezo. Mama ameokoka tangu nikiwa darasa la pili. Nthoni yake haijaokoka.

Tumemtandikia godoro chini, kati ya kochi na meko. Gachoki amekwenda kulala kwa Njura, wanafanya kazi pamoja. Hakuna aliyemfukuza. Alichukua tu blanketi akaenda.

Jumatatu, 2 Juni

Sikukuu, siendi kushona. Stuli juu ya kitanda, ndoo nje, kochi limesukumwa hadi limeziba dirisha. Nafasi iliyopatikana inamtosha mtu mmoja kunyoosha miguu na mwingine kuchuchumaa. Hilo ndilo jimu letu.

Mama haoni maana yake. Tangu lini mtu akainua mguu, akaushusha, akauinua tena, na hakuna shamba lililolimwa? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu, na naapa angefurahia jembe kuliko haya mazoezi.

Alianza kulegea, hata akacheka. Kisha Gachoki akaja kuchukua ovaroli yake. Alikohoa nje kama inavyotakiwa, lakini mlango ulikuwa wazi. Mguu wa Mama uko juu, leso imepanda juu ya goti. Gachoki aligeuka upesi. Haikusaidia kitu. Mama aligeukia ukuta, na mguu hajauinua tena mpaka sasa.

Ijumaa, 6 Juni

Mguu umevimba. Kutoka godoroni hawezi kusimama, ni chini mno. Kochi limebonyea. Kitanda kina kimo chenyewe hasa, na hataki hata kukishika.

Mtoto wetu Kanini tulimpeleka kwa nyanyake wa upande wa baba, Runyenjes, ili nafasi ipatikane. Laiti ningeweza kumpeleka na kitanda.

Gachoki hukaa koridoni kila jioni, juu ya mtungi wa maji wa plastiki, kwenye baridi hii ya Juni na manyunyu yake. Nampa sahani nje kama mlinzi wa ploti. Leo aliniambia polepole, ili Mama asisikie, "Wambura, mimi nimekuwa mgeni kwangu." Nikamjibu vibaya. Nikamuuliza basi nimrudishe Mama Kiritiri akaozee huko? Alinirudishia sahani, chakula nusu, akaondoka anakohoa.

Nina hasira na wote wawili. Nikimshika huyu namwachilia yule.

Jumatatu, 9 Juni

Sikutegemea haya. Nimerudi kutoka kazini nikakuta spana zimetapakaa koridoni na Gachoki amepiga magoti kizingitini pa Wamuyu. Anafunga bolti za kitanda chetu. Ndani kwa Wamuyu! Cha Wamuyu kimeshaingia kwetu.

Nilimuuliza ni wazimu gani huu. Akasema hataki kuvunja nthoni ya mtu, lakini kitanda ni mbao na bolti, na bolti yeye anazijua. Wakati wa kubeba, Mama alikuwa amepelekwa kwa jirani wa chumba cha mwisho kunywa chai. Hawakuonana hata kidogo.

Mama aliporudishwa ndani, alikitazama. Akapapasa mbao.

"Hiki hajawahi kukilalia?"

Nikamwambia hajawahi.

Akakaa ukingoni. Nikamshika kwapa, akasimama! Miguu ikitetemeka, jasho, meno yameumana, lakini amesimama. Nimelia mbele yake bila aibu.

Jumamosi, 14 Juni

Sasa nimemjua. Mama hawezi kusimama bure. Nikimwambia simama, anachoka kabla hajaanza. Leo nimeweka ungo wa ndengu juu ya meza, karibu na kitanda, nikamwambia zina mawe. Alisimama, ameegemea ukingo wa meza, akachagua ungo wote huku akitukana mfanyabiashara aliyeniuzia. Mawe nilitia mimi.

Gachoki bado yuko koridoni jioni. Anasikia kila kitu kupitia mlango: pumua, kaza paja, usikunje mgongo. Nadhani anajua mazoezi haya kuliko mimi. Kikohozi hakijaisha.

Ila nikimwachilia Mama kabisa, anarudi kukaa. Siku zinakwisha.

Alhamisi, 19 Juni

Naandikia koridoni. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini.

Gachoki alinipigia nikiwa kwenye cherehani. Alipitia nyumbani kuchukua sweta, akasikia kishindo ndani. Mama ameanguka. Nikapiga kelele kwenye simu, ingia basi! Akasema Mama amemkataza. Leso imemtoka, yuko sakafuni, na amesema akiingia atamlaani.

"Nikiingia nitamwinua," akasema, "lakini hataniangalia tena mpaka afe."

Wamuyu yuko sokoni. Nilikimbia kutoka mjini nikiwa na futi ya kupimia shingoni. Njia nzima ni kliniki tu kichwani — ni kesho! Na kama chuma kimetoka? Na kama amevunjika tena?

Nimemkuta Gachoki ameketi chini, mgongo umeegemea mlango, uso umeelekea ukutani. Anaongea. Namjua ni mtu wa maneno machache, lakini anaongea bila kukoma. Mama alale ubavu, mguu mzuri uwe chini. Asiharakishe. Avute leso kwanza ajifunike, hakuna anayemwangalia. Sasa aegemee kiwiko. Apumue.

Nilishika kitasa. Mama akasikia viatu vyangu.

"Wambura, nawe kaa huko. Mguu haujavunjika. Kesho wataniuliza kama nasimama mwenyewe."

Nikamsihi. Gachoki akatikisa kichwa, kwamba nimwache. Kwa hivyo nimeketi. Naandika ili mikono isifungue mlango.

Sufuria imeanguka. Kitu kinaburuzwa. Mama anaguna.

"Shika kitanda, Mama," anasema Gachoki. "Si changu."

Ukiacha lile katazo la leo, Mama hajawahi kumjibu moja kwa moja tangu aje hapa, kila neno lake hupitia kwangu. Gachoki amefumba macho.

"Nimeshika, Baba Kanini."

Mbao zinalia. Gachoki anamwambia akaze paja, asikunje mgongo. Nasikia pumzi ya Mama. Mwanzo ilikuwa inatoka chini kabisa, karibu na ule upenyo wa mlango. Sasa iko juu kidogo.