Mama Amekataa Kukiri

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, na kutoka huku Kiseke ziwa halionekani kabisa. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Mama yuko mahabusu wiki ya tatu sasa. Alikamatwa pamoja na shoga yake, Mama Neema, wakiwa na kapu la sangara wachanga ambao sheria inakataza kuwauza. Leo nilitegemea angerudi. Mwendesha mashtaka alimpa nafasi ya makubaliano: akikiri kosa hafungwi, atafagia zahanati miezi sita huku akilala nyumbani. Nilishafua mashuka yake.

Amekataa.

Na ni kwa sababu yangu. Kabla hajaingia mahakamani waliniruhusu nimsalimie. Nikampa shikamoo.

“Marahaba. We Kabula, umekonda kama dagaa! Huli?”

Kisha akauliza habari za Mama Neema. Nikasema ukweli: alikiri wiki iliyopita, akapewa onyo tu, yuko Mabatini anauza nyanya.

Uso wake ukabadilika. “Kapu lilikuwa moja. Yeye aonywe, mimi nifagie watu wakinitazama?”

“Labda kwa kuwa yeye ana wakili, Mama.”

“Basi waniambie hivyo. Kosa nimefanya, sikatai. Waniambie tu kwa nini.”

Hakuna aliyemwambia. Mwendesha mashtaka alimsomea karatasi harakaharaka, akatazama saa. Mama akasema hakiri. Amepewa mpaka Ijumaa. Asipokubali, kesi itasikilizwa, na akishindwa atafungwa.

Ningenyamaza tu, leo angekuwa hapa.

Nina hasira naye pia. Naona aibu kuandika hivi. Mimi ningekiri hata mara kumi ili nirudi kwangu. Halafu nakumbuka siku tuliyochelewa shule mimi na mwenzangu mmoja, nikachapwa peke yangu. Maumivu yaliisha siku ileile. Kwamba mwenzangu hakuguswa, hilo bado ninalo, na shule nimeshamaliza.

Watu walipotoka mahakamani, mwendesha mashtaka alipita karibu nami kabisa. Swali lilikuwa mdomoni. Nikaangalia viatu vyangu.

Kesho asubuhi nitakwenda ofisini kwake. Akinijibu, nitampelekea Mama jibu hilo lilivyo, hata likiwa baya. Nimejaribu kulisema swali hapa sebuleni, nikiwa nimesimama wima:

“Shikamoo. Naomba kuuliza, kwa nini adhabu ya mama yangu ni kubwa kuliko ya mwenzake?”

Sauti yangu ilinishtua. Tangu nitoke mahakamani sikuwa nimeisikia.