Kila Alhamisi Naulizia Ripoti ya Mume Wangu

Mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho kwa sababu nyumbani sina wa kunisikiliza, mimi ni fundi cherehani, mume wangu alikuwa mwendesha pampu kwenye mitambo ya maji ya manispaa miaka kumi na tisa mpaka watu wakamwita Mzee Pampu, na miaka miwili iliyopita ukuta wa tangi ulibomoka asubuhi yeye akiwa zamu, ukamfunika, na wiki ile ile ikasemwa kwamba alisinzia akasahau kufunga vali maji yakazidi, nani alisema sijui, ila mtaa mzima ulikosa maji siku kumi na moja na wa kulaumiwa alikuwa ameshazikwa.

Iliundwa kamati, wakapima, wakapiga picha, wakaandika ripoti, hilo nalijua kwa sababu mmoja wao alikuja kuniuliza kama mume wangu alikuwa mtu wa usingizi mzito, nikamjibu hapana, na tangu hapo hakuna aliyeniambia kitu.

Basi nikaanza kwenda ofisi ya maji kila Alhamisi, nafunika cherehani, navaa gauni langu la kijani, nakaa kwenye benchi mbele ya dirisha namba tatu, zamu yangu ikifika namwambia karani, "Mwanangu, ile ripoti ya tangi imepatikana?" naye ananijibu kwa adabu, siwezi kumsingizia, "Bado, Mama, iko kwa wakubwa," au siku nyingine, "Lile faili ni la siri, Mama, ngoja nikuulizie," nami nasema ahsante narudi zangu. Mlinzi wa getini huniita Mama Alhamisi, nikichelewa anasema, "Leo nilitaka nikutangaze redioni kwamba umepotea," na mshauri nakwambia ukweli, hakuna mahali pengine ninapongojwa.

Maana jirani yangu tunayegawana naye ukuta bado ananipa nguo za kupunguza kiuno lakini haji mwenyewe, humtuma mtu kuzichukua, na binti yangu aliyeolewa mbali nikimpigia anasema, "Mama, yaache hayo, Baba ameshapumzika," kisha anaaga, na najua anaamini yale ya usingizi.

Alhamisi iliyopita nikakuta karani amehamishwa, yupo dada mwingine, nikamuuliza kama kawaida yangu, akafungua daftari la maombi akapekua ukurasa mmoja mmoja, akasema, "Mama, ombi lako halimo." Nikamwambia naomba mwaka wa pili huu. "Uliandika?" Nikasema hapana, nilikuwa nauliza. "Basi kwa daftari hili, hujawahi kuomba." Akanieleza kwamba ipo sheria inayompa raia haki ya kuona karatasi za serikali, akanipa fomu, ninayo hapa chini ya mkasi, haijajazwa.

Aibu yangu ni hii, naogopa kuijaza. Wakikataa nitakuwa nimefika mwisho, wakinipa na ikawa kweli alisinzia nitaishi vipi na jambo hilo, na wakinipa yakaisha yote, Alhamisi nitakuwa naenda wapi?

Mama Alhamisi

*

Mama Alhamisi, pole. Kabla ya safu hii nilikuwa mwandishi wa habari za manispaa kwa miaka ishirini na sita, na benchi hilo nimelikalia.

Karani wa kwanza hakukunyima kitu wala hakukupa kitu. Alikuwa na adabu, nawe ulikuwa na adabu, na adabu ya watu wawili imekula Alhamisi karibu mia. Hapo nakulaumu. Wewe fundi hupokei kitambaa cha mteja bila kuandika vipimo; kwa nini jambo la mumeo uliliacha mdomoni? Huyo dada wa pili ndiye mtu wa kwanza kukutendea haki, ingawa maneno yake yaliuma.

Jaza fomu leo. Taja unachotaka kwa jina lake: ripoti ya uchunguzi wa kubomoka kwa tangi, na tarehe ya ajali. Omba pia ripoti za ukaguzi wa ukuta huo za miaka mitano kabla ya ajali. Na omba daftari la zamu la asubuhi ile. Waendesha pampu huandika kila saa, na mwandiko wa mumeo unaujua kuliko kamati yoyote. Andika nakala mbili. Moja iache, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, uondoke nayo. Muulize dada sheria inawapa siku ngapi za kujibu, uandike jibu lake. Atakayesema faili ni la siri aandike ni kwa kifungu kipi, atie sahihi. Wakikataa au wakinyamaza, kuna rufaa, nayo huanza na karatasi hiyo yenye muhuri. Kwa hiyo kukataliwa si mwisho.

Kuhusu hofu ya pili, sikufichi: huenda imeandikwa alisinzia. Nimesoma ripoti zilizomsafisha mtu na nimesoma zilizomzika mara ya pili. Lakini leo unaishi na hukumu ambayo hakuna aliyeitia sahihi. Ripoti ina majina ya walioiandika, na mtu mwenye jina anaweza kuulizwa na kupingwa.

Ikitoka, usiisome peke yako. Mwite binti yako. Usimuulize anaamini nini. Mpe asome kwa sauti mpaka mwisho, kisha mpe daftari la zamu aone mwandiko wa baba yake.

Mlinzi ukitaka kumsalimia, pita umsalimie. Huhitaji kupanga foleni kwa hilo.

Fomu ipeleke Jumatatu. Alhamisi wamekuzoea.