Kishikwambi Changu na Mama Mkwe

Ijumaa, Msalato. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye sukari, na mwili umechoka kama wa mtu aliyelima.

Sijalima. Nimeshinda wiki nzima nikikimbizana na kioo.

Niseme mapema, asiyenijua asije akanionea: mimi si mtu wa kuogopa vifaa. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Mwezi wa sita nilinunua kishikwambi cha kusomea, kile chenye kioo kikubwa kama karatasi ya mtihani, kisichoumiza macho, kinachosomeka hata kwenye jua la saa saba. Nikakitembeza ofisini kama mtu aliyepata mtoto. Kila aliyetaka kukigusa nilimwambia kwanza akanawe mikono.

Siku ya tatu nikaanza kukijua tabia.

Aliyekibuni nadhani hana vidole gumba. Fremu yake ni nyembamba mno, hakuna mahali pa kukishika, na ukigusa ukingo wa kioo ukurasa unafunguka. Ukisogeza mkono, zinarudi nyuma kurasa mbili. Mgongo wake unateleza kama sahani ya pilau. Ukikiinamisha kidogo, maandishi yanalala ubavu, na wewe unalaza shingo kuyafuata. Kitufe cha kuwashia wamekiweka chini kabisa, katikati, pale pale kifaa kinapokalia ukikipumzisha pajani. Kwa hiyo ukikipumzisha, nacho kinapumzika. Kalamu yake hushikwa ubavuni kwa sumaku, na sumaku hiyo kalamu haiishiki vizuri, ila mchanga mweusi wa huku Msalato inaushika barabara.

Haya yote ningeyabeba kimya kimya, maana nilikwishajisifu.

Kisha akaja mama mkwe.

Mama anaishi Kibakwe. Alikuja mjini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, na miwani bado haijatoka. Kwa miaka mingi yeye ndiye amekuwa akisoma somo kanisani kwao katika Jumapili ya akina mama. Mwaka juzi herufi zilianza kumkimbia, akaliachia somo, na mwaka jana vivyo hivyo. Akapewa mama mwingine ambaye, kwa maelezo ya mkwe wangu, anasoma kama anayetangaza msiba. Mwaka huu walipomuuliza akajibu atasoma yeye, na hapo hajui hata kama ataona. Jumapili hiyo ni keshokutwa. Kesho anapanda gari kurudi.

Jumatatu mke wangu Debora akaniambia, "Baba Eliya, hilo lidude lako si lina herufi kubwa?"

Nikaliandika somo lote, mistari kumi na miwili, kwa herufi za ukubwa wa maharage. Debora akampelekea mama yake sebuleni. Halafu nikasikia neno la kwanza, la pili, na mstari mzima. Mama akacheka peke yake kama msichana. Mimi nilikuwa jikoni nikijifanya natafuta chumvi, na sioni aibu kuandika hapa kwamba machozi yalinitoka.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kidole gumba chake kilipogusa ukingo.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mbunifu wa kile kifaa hakuliwaza hata kidogo. Kwa wakwe zangu, heshima ni umbali. Mimi na mama hatushikani mikono, hatukai kiti kimoja, wala hatupokezani kitu mkono kwa mkono. Namsalimia kutoka mlangoni, ananiitikia akiangalia pembeni, na mengine yote yanapita kwa Debora. Miaka kumi na moja tumeishi hivyo, tukipendana sana na bila ugomvi wowote. Kile kifaa kimeundwa kwa kudhani kwamba mwenye shida na mwenye ujuzi wanaweza kukaa bega kwa bega.

Basi Jumanne nzima ikawa hivi. Mama anaita, "Debora! Kimekimbia!" Debora anaacha ugali jikoni, anakichukua, ananiletea uani. Narudisha ukurasa. Debora anakipeleka. Kabla hajafika jikoni, "Debora! Kimelala ubavu!" Ugali wa siku hiyo tuliula na ukoko wake, na hakuna aliyethubutu kusema.

Jumatano nikajifanya mhandisi. Nikakata fremu ya kadibodi ngumu, nikaibandika kuzunguka kioo ili vidole vipate pa kukaa. Nzuri kabisa, ila kwa chini ilikikandamiza kile kitufe, kifaa kikawa kinazima na kuwaka chenyewe kama taa ya baa. Mama akamuuliza Debora kama kinaumwa.

Jana ndiyo ilikuwa kubwa kuliko. Debora akaenda kazini, nikabaki nyumbani na mkwe. Saa nne nikasikia kutoka sebuleni, "Jamani." Hakuita jina, maana jina la kuita halikuwepo nyumbani. Alisema "jamani" kuiambia nyumba kwa ujumla. Nilikuwa chumba cha pili, hatua sita kutoka kwake. Nikachukua simu nikampigia Debora kazini, kilomita kumi na kitu. "Mwambie mama aguse juu, kushoto." Debora akampigia mama yake. Nikasikia simu ya mama ikiita ng'ambo ya ukuta, nikamsikia akipokea. Kisha Debora akanipigia mimi: "Anauliza kushoto kwake au kushoto kwa hicho kitu?"

Tulizungushana hivyo mpaka salio la Debora likaisha.

Niungame. Jana mchana nilitamani ashindwe. Si kwa ubaya. Nilijua akiweza, kishikwambi kitaenda Kibakwe, na nikakaa pale kitandani nikikihesabia siku za kunirudia. Mtu mzima, baba wa mtoto, namwonea wivu mama wa watu kwa kidude nilichokitukana wiki nzima.

Kumbe mama mkwe hakuwa amekaa bure. Alikwenda jikoni (mimi nikitoka kwa mlango wa nyuma) akachukua ungo. Akatandika khanga ndani yake, akakilaza kifaa juu ya khanga, akashika ungo kwa ukingo wake kama anayepepeta mtama. Hakuna kidole kilichogusa kioo. Akitaka kufungua ukurasa, anadonoa mara moja tu kwa kidole kimoja. Nilimwona kupitia dirishani. Nimesomea kuchora, na fremu niliyoitafuta ilikuwa imening'inia ukutani karibu na jiko.

Leo alasiri akasema atafanya jaribio la mwisho, kwa kusimama, kama kanisani. Debora akakaa kwenye kochi na jirani yetu mama Asha, aliyekuja na kikombe chake cha chai. Mimi nikasimama kwenye korido, nyuma ya mama, umbali wa heshima. Kutoka hapo nilikiona kioo vizuri juu ya bega lake.

Akaanza. Sauti imetulia, kila neno na nafasi yake. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama Asha akaacha kunywa chai.

Kwenye mstari wa tano akauinamisha ungo kidogo. Mgongo ule wa kuteleza ukateleza, kifaa kikashuka taratibu, kitufe kikagota kwenye ukingo wa ungo. Maandishi yakapotea. Ikaja ile picha kinayoweka kikilala, ya ndege amejikunyata kwenye tawi.

Nikafungua mdomo kumwita Debora.

Mama hakukoma. Mstari wa sita ukaja, na wa saba. Macho yake yalikuwa pale pale kwenye ungo, kwa yule ndege, na sauti haikutikisika. Mwisho wa mstari wa nane akainua kidole, akadonoa kioo kilichozima, akafungua ukurasa ambao haukuwepo, akaendelea mpaka wa kumi na mbili.

Debora analia. Mama Asha anasema amina, na yeye ni Mwislamu.

Halafu mama, bila kugeuka, na bila kupitia kwa Debora, akasema:

"Mkwe, kidude chako kimelala tangu mstari wa tano. Mimi sijalala."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Na mabega yake nikayaona yanatikisika. Nilipopata pumzi nikamuuliza, nikiuelekea ukuta, kama basi bado anakihitaji.

"Naenda nacho," akasema. "Nikisimama mikono mitupu watasema nahubiri."

Nimekichaji. Nimekipangusa mchanga. Kimo kwenye kapu lake karibu na mlango, na sasa ninachojiuliza ni kimoja tu: Jumapili kitakapozima, maana kitazima, kuna mtu atakayejua?