Kisahani Ulichotuachia

Mtaa wa Sokoni,
Pangani.
14 Agosti 1999

Mpendwa mpwa wangu Yakoub,

Asalaam aleikum. Salamu zangu zikufikie hapo Mombasa, wewe na mkeo Asmaa na watoto. Vipi afya zenu? Kikohozi cha Asmaa kimepoa? Sisi huku wazima kwa uwezo wake Mola. Goti langu la kushoto halielewani na baridi ya kusi, lakini huo ni ugomvi wa zamani na hakuna kati yetu anayetaka suluhu. Mama yako Kazija hajambo. Amenenepa, na ukimwambia nimesema hivyo nitakana mbele ya kadhi.

Mimi mwenyewe, mjomba wako Mwinyijuma, niliyetoka shule darasa la tatu kwa sababu ya mbuzi wa mwalimu, sasa nimekuwa fundi. Ile kompyuta ya mjukuu wangu Suhaila nimeifungua kwa bisibisi, nikaipekua matumbo, nikaiponya kwa mikono yangu hii. Watu wanavuka mto kutoka Mwera kuja kuniuliza nimesomea wapi.

Haya, nimesema uongo. Bisibisi niliishika kweli, lakini Suhaila alininyang'anya kabla sijaifikisha. Aliyeiponya ni mwingine na nitamtaja. Mimi hata kuigusa nimepigwa marufuku, ndiyo maana unaona nakuandikia kwa kalamu, herufi zimelala chali kama dagaa juani. Ila hasira niliyonayo ni ya kweli, na mwenyewe ni wewe. Keti vizuri uisome.

Nikukumbushe, maana aliyekwenda haja husahau, ni aliyekanyaga ndiye akumbukaye. Ulipokuja kwa Maulidi ile mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa ya ofisi ya shamba la mkonge, lile lililofungwa likauzwa kipande kipande, hata milango. Ilikuwa kongwe, lakini ukiiwasha inaamka na kukusikiliza. Suhaila alikuwa akichapa kadi za arusi, barua za wazee wanaodai viinua mgongo vyao, na mitihani ya shule. Duka dogo, meza moja, lakini lilikuwa linatulisha, na lilikuwa linamweka mtoto nyumbani.

Ukaitazama ukacheka. Ukasema mfumo inaotumia ni wa kale, kwamba hapo Mombasa hata watoto wadogo hawautaki, na kwamba dunia nzima inabadilika. Nani alikuita? Nani alilalamika? Mimi dunia kubadilika naijua. Walitupanga foleni ya sukari, sukari haipo. Kisha wakatuambia biashara ni huria, sukari ikaja, ikajaa madukani, na sisi tukawa huru kuitazama. Kila mabadiliko yaliyopita hapa yaliletwa na bwana mwenye mkoba na haraka. Na wewe ulikuwa na mkoba, na ulikuwa na haraka.

Ukatoa kisahani kinachong'aa, ukakitia, mashine ikaanza kunguruma. Katikati ya kazi ukatazama saa, ukakumbuka basi la kwenda mpakani Horohoro. Ukanikalisha mimi kitini, maana Suhaila alikuwa uani akipakulia wageni pilau. Ukaniambia maneno ambayo sitayasahau: "Mjomba, ikikuuliza neno lolote, wewe bonyeza ndiyo." Ukanionyesha mahali pa kubonyeza. Ukaenda zako.

Basi ikauliza. Yakoub, mashine ile ina maswali kuliko mke wa pili. Yote kwa Kiingereza. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, ndiyo. Wewe mwenyewe umelelewa nyumba hii na unajua tulivyofunzwa: mtu akipiga hodi, unamjibu karibu, hata kama chungu kina wali wa mtu mmoja. Hata bwana kodi akija tunamwambia karibu, kisha ndiyo tunapitia mlango wa uani. Mimi nilidhani kile kitu kinapiga hodi kwa adabu. Nikakikaribisha na ndugu zake wote.

Na hawakuishia siku ile. Maulid, yule anayeadhini msikitini kwetu, alileta kisahani chake cha nyakati za sala. Idarusi wa duka la dawa akaleta samaki wanaoogelea kwenye kioo. Kila kimoja kilipowekwa kiliuliza kama kiwe kinaanza pindi mashine inapowashwa. Hilo Suhaila amenitafsiria baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nimeulizwa neno, na amri yako ninayo. Nikabonyeza ndiyo kwa moyo mkunjufu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa ikiwashwa. Suhaila anabonyeza, kioo kinakuwa cheusi. Mimi ninakwenda zangu kutawadha, ninarudi, kinakuwa cha buluu. Ninasoma Yasini ya marehemu bibi yako mpaka mwisho na dua yake, kinatokea kisaa kidogo cha mchanga kinachotuambia tungoje. Tungoje nini? Tumengoja tangu uhuru. Kisha samaki wa Idarusi wanapita. Kisha Maulid anaadhini alfajiri, na nje ni saa tano mchana, wapita njia wanatuchungulia. Baada ya hapo inanyamaza, inafikiri.

Na umeme wetu unaujua. Siku hizi ni wa mgao, unakuja kama mkwe: hautoi taarifa, haukai. Mara nyingi mashine ilikuwa inafungua jicho la pili tu, umeme unaondoka, na kesho yake inaanza upya na kutulaumu kwamba hatukuizima vizuri.

Aliyefurahi ni Zebedayo. Unamkumbuka Zebedayo, yule karani mstaafu wa mkonge, anayekaa kibarazani mkabala na duka letu na taipureta yake ya chuma? Tulikuwa tumemmaliza. Alikuwa amebaki kuchapa barua za kanisani kwao tu. Alipoona hali yetu akaanza kuja na kiti. Anakaa, anatazama kioo pamoja nasi, halafu anauliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Mwinyijuma, ameamka?"

"Anaoga," namwambia.

"Mwambie asijisumbue. Barua nimeshaipiga."

Na kweli ameshaipiga. Taipureta haiamki kwa sababu haijawahi kulala.

Siku yenyewe iliyonifanya nikasirike mpaka leo ni ile aliyokuja Mwalimu Anjela, mwalimu mkuu, na mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mwaka kwa Suhaila. Mwalimu akakaa na karatasi zake mapajani. Umeme ulikuwepo. Suhaila akaiwasha, akasimama pembeni kama mtu anayesubiri mtoto wake atoe salamu mbele ya wageni. Tukangoja. Nikamsimulia mwalimu habari ya mbuzi, ile ndefu. Akacheka kwa adabu. Samaki wakapita. Maulid akaadhini. Mwalimu, Mkatoliki wa watu, akajifunika kitenge kichwani kwa heshima. Kisha feni ya darini ikaanza kupunguza mwendo, tukajua umeme unaondoka.

Kioo kikazima. Mwalimu Anjela akazipanga karatasi zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Suhaila, mwanangu, watoto wanafanya mtihani Jumatatu," akasema.

"Najua, mwalimu."

"Usinichukie."

Akavuka njia kwenda kibarazani kwa Zebedayo. Na Zebedayo, kwa mara ya kwanza, hakunitania. Aliinama akaweka karatasi kwenye taipureta bila kututazama. Hilo liliniuma kuliko mzaha wake wote.

Suhaila hakulia. Aliifunga kompyuta kwa kanga zake mbili nzuri, zile za arusi ya Asmaa, tukaipakata zamu kwa zamu mpaka Tanga mjini kwa fundi mmoja, Massoud, kijana wa Kipemba mwenye miwani. Aliiwasha, akakunja mikono, akaitazama inavyohangaika. Kisha akafungua mahali fulani yakatokea majina ya programu, jina chini ya jina.

"Mzee, hawa wote nani kawaingiza?"

"Mimi. Kwa amri ya mpwa wangu."

"Hii ya kupeleka faksi. Dukani mna simu?"

"Simu iko posta."

"Basi kila ikiamka inatafuta simu. Haioni, inangoja, inatafuta tena. Na hii inatafuta mashine wenzake wa ofisini. Wako wapi wenzake?"

"Ana taipureta mbele yake," nikamwambia. Suhaila akajifunika uso kwa mtandio, na sikujua kama anacheka au vinginevyo.

Ndivyo nilivyoujua ugonjwa, Yakoub. Mlangoni palijaa watu. Kila mgeni niliyemkaribisha alikuwa amesimama kizingitini anataka asalimiwe kwanza kabla kazi haijaanza, na wengine walikuwa wanaulizia jamaa wasiokuwepo. Massoud akawaondoa kizingitini mmoja mmoja. Alipomfikia Maulid nikamshika mkono, nikamwambia huyo aache, watu watanisema. Akaniambia hamfukuzi mtu, wanabaki humo humo ndani, ila wanakaa mpaka waitwe. Hapo nikaridhika. Hiyo nayo ni adabu.

Akaniambia pia jambo ulilopaswa kuliuliza wewe kabla ya kutoa kisahani chako: mfumo mpya unataka kumbukumbu kubwa, na mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo kama ya kwako. Mzigo wa punda umempakia mbuzi. Akachomoa kipande cha kumbukumbu katika kompyuta nyingine iliyokufa, akakitia, akaipangua diski na kuipanga upya. Sasa tukiiwasha, namimina kahawa, na kabla haijapoa nikapiga funda, iko tayari. Si kama zamani, lakini inafaa.

Inafaa, na hakuna anayekuja. Watu wamekwisha kuzoea kibaraza cha Zebedayo. Suhaila anafungua duka, anaiwasha, inaamka vizuri, wanatazamana. Na katika wiki hiyo hiyo dereva wa basi akamletea ujumbe wako: kuna kiti cha kazi ofisini kwenu Mombasa, anatakiwa mwishoni mwa mwezi huu. Mimi simsingizii mtu. Nasema tu kwamba anayekuvunjia mtumbwi, kisha asubuhi akaja na habari kwamba kuna mtumbwi unatafuta baharia, huyo ana bahati ya ajabu.

Hasemi kwamba atakwenda. Ila amepiga pasi nguo ambazo hana sababu ya kuzipiga pasi. Juzi aliniuliza, "Babu, unaonaje?" Nikamwambia ninafikiri. Tangu juzi ninafikiri. Unajua katika nyumba hii tumebaki nani: mimi, yeye, na kuku wa mama yako wanaotoka kwake jirani, wanakula na kuondoka. Sikuandikii hili ili unihurumie, nakuandikia ili ujue ulichokishika.

Jana jioni Mwalimu Anjela alipita akaiona mashine inavyoamka. Alisema mtihani wa kufunga mwaka ataleta kwanza karatasi za darasa moja, aone, na karatasi hizo zitakuwa tayari Rajabu ikiandama, huo mwezi wa Oktoba. Suhaila aliitikia tu. Lakini usiku ule hakupiga pasi.

Nisalimie Asmaa sana, na mwambie dawa ya kikohozi ni asali na ndimu, si vidonge. Nisalimie watoto wote, nibusie yule mdogo ambaye meno yake sijayaona. Mama yako anakusalimu na anaulizia zile fulana ulizomwahidi. Massoud fundi hakujui, lakini amekutumia salamu ambazo siwezi kuziandika. Hata Zebedayo anakusalimu. Anasema uje tena na kisahani kingine. Mola akulindeni, akupeni riziki ya halali, na akuzidishie wewe subira ya kumaliza kazi uliyoianza.

Sasa sikiliza, nina haja moja, na haja hii unadaiwa. Ulipomtaka Asmaa, mimi ndiye niliyevuka mto kwenda kwa baba yake Mwera kukuposea. Mzee yule aliniuliza neno moja tu: huyu kijana huamka alfajiri kuswali? Nikamtazama usoni nikamwambia jogoo hujifunza kwake. Nawe saa ile ulikuwa umelala ukumbini kwangu na jua limeshapanda minazi. Asmaa alikuja kuujua ukweli, lakini alikuwa amekwisha kuolewa, alhamdulillahi.

Uongo mdogo kwa uongo mdogo. Mwandikie Suhaila kwamba kile kiti bado kina mtu, na hakitakuwa wazi mpaka Rajabu imalizike. Karatasi za Mwalimu Anjela zikituangusha, mimi mwenyewe nitambebea begi mpaka kituoni na nitamchagulia kiti cha dirishani. Na kama unaogopa dhambi, nenda ukakikalie wewe kile kiti, ili ukiandika kwamba kina mtu uwe umeandika kweli.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata nikiwa nimekununia,

Mwinyijuma