Safu ya Watoto kwenye Kioo cha Gashe Worku

Meseret, saa tatu asubuhi nimewasha kompyuta ya marehemu Gashe Worku, mzee wetu wa ofisini. Herufi zilikuwa kubwa kama za kibao cha duka. Arobaini yake tumeimaliza jana. Kabla ya hapo hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nikaandika amri ya kurudisha vipimo vya kawaida vya kioo. Herufi zikapungua. Punde zikakua tena. Nikaandika tena. Zikakua tena.

Mulugeta, wa meza ya jirani, akacheka: "Hirut wee, mwache mzee wa watu! Hataki vitu vyake viguswe."

Si mzimu. Ni programu aliyoiandika mwenyewe, kila dakika inarudisha kila kitu kwenye ukubwa wa mara mbili. Macho yalikuwa yanamwishia na hakutuambia.

Sasa sikiliza. Programu ile inakuza bila kupanga ukurasa upya, kwa hiyo upande wa kulia unabaki nje ya kioo. Kwenye vikaratasi vya dawa tunavyohakiki, upande wa kulia ni dozi za watoto. Hakuwa akiziona. Hakuwa akiziona kabisa, Meseret.

Nikazipunguza herufi tena, na kabla dakika haijaisha nikafungua kikaratasi cha mwisho alichopitisha, cha dawa ya degedege. Dozi ya mtoto ni ileile ya mtu mzima.

Nikapiga simu hospitali ya Jimma, nikauliza kama vikaratasi hivyo vimewafikia. Muuguzi akaniambia, "Hivyo? Mbona tunavitumia tangu mwezi uliopita, dada?"

Nikamwita Mulugeta aje asome. Akainama. Herufi zikakua, safu ya watoto ikatoka nje ya kioo.