Zamu Yetu ya Maji

Mama Neema wangu,

Huku Kongo mvua ilitujazia handaki. Wenzangu wakashika ndoo kuchota maji. Mimi nikashika jembe, nikayachimbia mfereji hadi kwenye maharage ya mama mmoja jirani na kambi. Afande akashangaa, "Wewe Mpare, mvua yote hii na bado unamwagilia?" Nikajibu bila kufikiri, "Ni zamu yetu ya maji, afande." Walicheka hadi tukasahau milio ya risasi kule bondeni.

Nimeyakumbuka makande yako, na asubuhi zetu za zamu huko nyumbani Vudee: mimi juu kwenye bwawa la ndiva nikifungulia maji, wewe chini shambani ukinipigia kelele, "Yamefika!" Zamu yetu ikifika, ita vilevile. Nitaitika hukuhuku.

Baba Neema